Taarifa ya Saa Mbili Usiku

Kituo cha Tisa, Runtupamba. Delfina hapa.
Mawingu hadi kiunoni mwa mlima. Majivu hakuna.
Mto una sauti yake. Ng'ombe wanakula.
Ni hayo tu.

Miaka kumi na mmoja nimesema hivyo redioni,
viazi vikichemka nyuma yangu,
na Iván, kijana wa taasisi, akijibu: nimepokea, mama.
Siku moja alipanda hadi kwangu na chupa ya soda,
akaitikisa, akanipa niifungue.
Nililowa hadi kwenye shali.
Yanarumi ni hivyo hivyo, akasema.
Chini kabisa mwamba umeyeyuka ukawa uji,
na ndani ya uji mna gesi iliyobanwa.
Uji ukipanda, mzigo wa juu hupungua,
mapovu huzaliwa, yakaanza kutafuta mlango.
Kuna milima yenye uji mwepesi: lava hutiririka,
mtu huikimbia kwa mwendo wa kwenda sokoni.
Wenu ni mzito kama asali ya asubuhi ya baridi.
Hujiziba koo, kisha hukohoa.

Nikamuuliza nani atanifulia shali.

Kikohozi tulikijua.
Tulifagia paa kabla ya sakafu,
maana majivu yakinyeshewa huwa saruji;
paa la akina Pilamunga liliinama usiku
likalala juu ya meza, sahani zikiwa bado mezani.
Ng'ombe walitafuna nyasi zenye kioo kilichosagika,
meno yakawaisha wangali mitamba.
Vitunguu vilikufa.
Lakini viazi vya mwaka wa tatu! Ngumi mbili kila kimoja.
Ndiyo sababu, mkitaka kuijua.
Serikali ilitujengea nyumba za safu huko bondeni kwingine,
kuta zimegusana, hakuna hata kona ya simbilisi.
Tukalala huko, tukalima huku.
Halafu tukalala huku pia.

Februari mlima ukanyamaza.
Siku tisa, hata mvuke.
Belisario akaleta pombe ya muwa: umezeeka, tunywe.
Iván redioni alikuwa amekaukiwa na sauti:
mama, kitu kimeziba.
Kimya kile kilikuwa na mshindo wake, kimeuweka akiba.

Siku ya kumi madirisha yaliingia ndani.
Wingu la moto lilishukia upande wa pili, usio na watu,
likikimbia kuliko gari lolote.
Palikuwa na msitu. Nilipopepesa macho hapakuwa na msitu.
Kwetu ilikuja mvua nyeusi, tukashukuru, wajinga sisi.
Jioni nikatega sikio kwa ajili ya taarifa:
mto haukuwa na sauti.
Nikasema redioni, mto umenyamaza,
sikungoja kupokelewa,
nikakimbilia kengele ya kanisa.

Huko juu tope lilikuwa limeziba korongo, likijikusanya.
Tulipanda kilimani arobaini na mmoja,
simbilisi ndani ya sufuria, bibi Zoila mgongoni mwa mjukuu.
Nusu ya njia Belisario akasimama, akajipapasa mfukoni:
sijafunga mlango.

Husemwa milima haikutani, binadamu ndio hukutana.
Sisi tulikutana na mlima.
Ulikuja kwa miguu ya tope, umebeba mawe ya ukubwa wa basi
na miti iliyosimama wima kama inaandamana,
na harufu ya udongo na kiberiti,
na ardhi ikatetemeka hadi kwenye fizi zetu.

Mlango wake tuliuona siku ya nne, kilomita tatu chini,
pamoja na fremu yake.
Kufuli limefungwa vizuri.
Ufunguo hatukuupata, wala aliyeushika.

Kituo cha Tisa. Delfina hapa.
Mvuke mweupe, kidogo. Viazi vimechipua kwenye tope jipya,
sijui nifurahi au nione haya.
Mto una sauti yake.
Ni hayo tu.

Iván siku hizi hajibu mara moja.
Huacha redio wazi kidogo,
nami naisogeza dirishani, asikie mwenyewe.